Ufaraguzi Usio na Mwenyewe: King Majuto kutoka Jukwaani hadi Banda la Video

Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti 2018. Alianza kuigiza angali mtoto, na kwa takribani miongo sita alihama kutoka jukwaani kwenda kwenye kanda za video, kutoka kwenye kanda kwenda kwenye santuri za VCD na DVD, kisha kwenye runinga na matangazo ya biashara. Ni vigumu kumtaja mchekeshaji mwingine wa Tanzania Bara ambaye uso wake ulitambulika na babu na mjukuu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, umaarufu huo haukuzaa uhakiki unaolingana nao. Idara za Kiswahili zimezalisha tasnifu juu ya tamthilia za Ebrahim Hussein na Penina Muhando kwa wingi unaoridhisha, ilhali kichekesho cha filamu hutajwa kwa kupita, mara nyingi kama kielelezo cha udhaifu wa tasnia: hadithi isiyo na mtiririko, kamera isiyosogea, makelele mengi na maudhui haba.

Makala haya hayakusudii kukanusha kila shutuma kati ya hizo. Baadhi ni za kweli. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba shutuma hizo hutokana na kumpima Majuto kwa vigezo vya tamthilia andishi, ilhali kazi yake ni ya ufaraguzi, yaani utungaji unaofanyika papo kwa hapo mbele ya hadhira. Kosa hilo la kinadharia lina ndugu yake nje ya chuo. Mhakiki asiyemwona Majuto kama mtunzi na mkataba unaomlipa kama mwigizaji tu wa siku moja vimesimama juu ya dhana ileile.

Jukwaa lililomlea

Kichekesho si mtoto wa video. Katika tasnifu yake ya mwaka 1974 kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, Hussein alikipa kichekesho nafasi yake katika historia hiyo, na miaka miwili baadaye Muhando na Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, walisisitiza kwamba sanaa za maonyesho za Kiafrika haziwezi kueleweka kwa kusoma maandishi peke yake. Vikundi vya utamaduni vilivyotamba Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, kama vile Muungano na Tanzania One Theatre, viliendeleza mkondo huo katika kumbi za pombe na burudani. Onyesho moja lilichukua saa nyingi, likichanganya ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo refu. Wasanii hawakupewa maneno ya kukariri. Walikubaliana mwanzo, kisa na mwisho, kisha kila mmoja akajaza kilichobaki kwa kadiri watazamaji walivyomruhusu. Redioni nako, Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuwazoesha wasikilizaji kucheka pamoja na watu wawili wanaojibizana, ambao uhai wao ulikuwa katika kasi ya majibu kuliko katika kisa.

Mulokozi (1989), anapofafanua tanzu za fasihi simulizi, huitazama fasihi hiyo kama tukio linalowakutanisha fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Ondoa kimoja, tukio hubadilika. Maelezo hayo yalikusudiwa kwa ngano, majigambo, nyimbo na kadhalika, lakini yanamfaa Majuto kuliko nadharia yoyote ya filamu. Msanii wa aina hii hana matini iliyokamilika kabla ya kukutana na watu. Anacho kitu kingine: mhusika aliyeiva, akiba ya misemo, na sikio.

Mhusika wa Majuto karibu kila mara ni mzee. Ana kanzu au msuli, ana kofia, ana imani kubwa katika heshima anayostahili na uwezo mdogo wa kuilinda. Ni bahili, mwepesi wa hasira, na hupenda asivyoviweza, hasa wanawake wenye umri wa binti zake. Katika filamu kama Inye, Nimekuchoka na Zebra majina na mahusiano hubadilika, lakini mzee ni yuleyule. Wapo wanaoona hapo ukosefu wa ubunifu. Lakini hakuna anayemlaumu Sungura kwa kuwa Sungura katika kila ngano. Mhusika bapa wa aina hii humpa mtazamaji haki ya kujua mapema kitakachotokea, na raha yake huwa katika kungoja kitakavyotokea safari hii.

Ufundi wenyewe umo katika lugha na katika ukimya. Majuto huanza sentensi katika rejista ya mzee wa Pwani, kwa salamu, kwa kumtaja Mungu, kwa nasaha, kisha huimaliza katika rejista ya kijiweni. Kati ya rejista hizo mbili huweka kituo. Uso hutulia, macho huhama, na mtazamaji hupata muda wa kubashiri tusi litakalofuata. Linapokuja huwa dogo kuliko lililobashiriwa, au huwa limeelekezwa kwa mtu mwingine. Vilevile ana desturi ya kunung’unika pembeni, akimwacha mwenzake wa eneo la tukio na kuzungumza kana kwamba kuna mtu wa tatu aliyesimama nje ya fremu. Mtu huyo wa tatu ndiye hadhira ya jukwaani. Kamera ilipoingia, hadhira iliondolewa, lakini Majuto hakuacha kuzungumza nayo.

Kamera na kicheko kilichokosekana

Runinga ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kenya ilikuwa mbele, na mfano wake unasaidia kulinganisha. Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, aliyefariki Julai 2015, alijenga jina lake katika Vitimbi, kipindi cha shirika la utangazaji la taifa, chenye ratiba ya kila wiki na kundi la waigizaji waliozoeana. Wanjau, aliyekuwa Mkikuyu, aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyoaminika hata watazamaji wengi wakamdhania Mjaluo. Majuto hakupata mhimili kama huo katika miaka yake ya kuiva. Nyumba yake ikawa soko la video.

Soko hilo lilikuwa na kanuni zake. Kampuni za uzalishaji na usambazaji, miongoni mwake Al-Riyamy katika vichekesho na baadaye Steps Entertainment katika filamu kwa jumla, zilihitaji kazi nyingi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Filamu ilirekodiwa kwa siku chache, nyumba za watu zikawa maeneo ya tukio, na picha ya Majuto juu ya kava ikatosha kuuza. Ufaraguzi uliwafaa sana wazalishaji. Msanii asiyehitaji mswada ni msanii asiyehitaji mwandishi, na mwandishi asiyekuwepo halipwi. Ni lazima kukiri kwamba filamu kadhaa za kipindi hicho ni dhaifu. Zipo ambamo Majuto anatumika kama chambo: anaonekana mwanzoni na mwishoni, na katikati waigizaji wasio na sikio lake wanajaribu kufaragua bila akiba. Zipo pia ambamo mwili wa mwanamke ndio mzaha wenyewe, kamera ikimfuata nyuma bila sababu ya kisanaa. Kasoro hii haiwezi kusingiziwa soko peke yake, kwani mzee mwenye tamaa ni uundaji wa Majuto mwenyewe, na si kila mara tamaa hiyo huadhibiwa.

Ulinganisho na Uingereza unaweza kuonekana wa mbali, lakini watazamaji wa Tanzania waliufanya wenyewe zamani, kwani santuri za Mr. Bean zilikaa kwenye rafu moja na za Majuto. Rowan Atkinson alianza kumwonyesha Bean katika runinga ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na kufikia 1995 vilikuwa vimetengenezwa vipindi 15 tu. Waandishi walitajwa: Atkinson mwenyewe, Richard Curtis, Robin Driscoll. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Atkinson alikwenda katika tamasha la vichekesho la Montreal akaomba apangwe upande wa wasemaji wa Kifaransa, ili ajue kama mhusika wake angechekesha pasipo Kiingereza. Jambo la tatu ndilo muhimu zaidi hapa. Kipindi kilikuwa na kicheko cha watu halisi: sehemu zilizopigwa nje ya studio zilionyeshwa kwa hadhira iliyoalikwa na kicheko chao kikarekodiwa. Kwa hiyo kituo cha Atkinson hakikubaki kitupu, kwani kicheko cha wengine kilikuwa ndani yake tayari.

Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alieleza kwamba kicheko huhitaji mwangwi, kwamba daima ni cha kundi. Filamu za Majuto zilitolewa bila mwangwi huo. Katika kiganja cha mhakiki anayetazama peke yake kwenye kompyuta, kituo cha sekunde kadhaa huwa uzembe wa mhariri, na kunung’unika pembeni huwa mazungumzo yasiyo na msikilizaji. Shutuma ya “kamera isiyosogea” nayo hubadilika ikitazamwa hivi: kamera iliyosimama mbali, ikiwachukua wasanii kutoka kichwani hadi miguuni, imekaa palepale ambapo mtazamaji wa jukwaani angeketi. Je, huo ni uvivu au ni uaminifu kwa jukwaa? Pengine ni uvivu uliosaidia. Wapiga picha hawakuwa wanafuata nadharia. Hawakujua Majuto angekwenda upande gani, basi wakaacha nafasi.

Majuto mbele ya Wasukuma

Mahali pa kuupima mwangwi huo si Tanga wala Dar es Salaam, ambako mzee wa kanzu ni jirani. Ni mbali na Pwani, katika kata kama Migato, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na ambayo sasa imo Wilaya ya Itilima. Huko pamba na ng’ombe ndiyo maisha, Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani na ya shambani, na Kiswahili hufunzwa shuleni na kusikika redioni, sokoni na ofisini. Kwa miaka mingi filamu ziliwafikia watu wa vijiji vya namna hiyo kupitia mabanda ya video yaliyoendeshwa kwa jenereta, ambamo watu hulipa kiingilio kidogo na kukaa pamoja kwenye mabenchi.

Katika banda la aina hiyo mambo mawili hutokea. La kwanza, filamu hupata hadhira iliyonyimwa. Watu hujibu, humwonya mzee, humcheka kabla hajasema, hutafsiriana neno la Kipwani lililowapita. Kituo kilichoonekana kitupu hujaa. Kilichokuwa pengo katika matini huwa nafasi ya mwitiko, kama ile anayoiacha mtambaji wa ngano anaposubiri kiitikio. Kwa mantiki ya Mulokozi, filamu ya Majuto si tukio mpaka ifike bandani.

La pili linahusu vigezo. Wasukuma wana utamaduni wao wa kuhukumu burudani, nao ni mkali. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika msimu wa baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani na watazamaji huwa huru kuhama. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana manju hutumia kila hila: nyoka, sanamu, mavazi ya ajabu, mizaha inayowavunja watu mbavu wakati mpinzani yuko katikati ya wimbo. Mtazamaji aliyelelewa katika uwanja huo haulizi kama kisa kina mtiririko. Huuliza kama fanani anaweza kumzuia asiondoke. Ni swali halali la kihakiki, na Majuto hulijibu vizuri kuliko wasanii wengi walioandikiwa mswada.

Lakini Msukuma hatazami kichekesho cha Kiswahili akiwa mgeni asiyehusika. Mara nyingi yeye ndiye kinachochekwa. Lafudhi inayoweka l mahali pa r, ushamba wa mtu wa bara anayeshuka stendi na kuibiwa, ng’ombe wengi na akili ndogo: huo ni mzaha wa kawaida katika vichekesho vinavyotengenezwa Pwani, na hauna tofauti kubwa na ule wa Vitimbi uliojengwa juu ya lafudhi ya Kijaluo. Star TV ya Mwanza, kupitia kundi la Futuhi, ilijaribu kuurudisha mzaha huo mikononi mwa watu wa Kanda ya Ziwa wenyewe. Majuto amesimama mahali tofauti. Mzaha wake mkuu haumlengi mgeni. Unamlenga mzee wa Pwani, mtu wa ustaarabu wa kanzu, anayeanguka kutoka kwenye ustaarabu wake mwenyewe. Anachekesha kwa kujidhalilisha yeye na watu wake.

Hapa utani unaeleza zaidi ya nadharia ya ubora, ambayo humwona anayecheka kama anayejiona bora kuliko anayechekwa. Watu wa Usukuma na Unyamwezi na watu wa Pwani walikutana katika njia za misafara, na mahusiano ya utani yaliyotokana na safari hizo yalikwisha kuandikwa na Moreau katika miaka ya 1940. Mtani hukutukana kwa ruhusa, nawe hurudisha. Majuto anapojitukana mbele ya Msukuma, anampa kile ambacho kichekesho kingine cha Pwani humnyima, yaani zamu yake. Kicheko cha bandani humtambua mtani zaidi ya kumdharau mzee, na kwa sababu hiyo kinavuka mpaka wa lafudhi ambao Atkinson alilazimika kuuvuka kwa kunyamaza.

Mali ya nani?

Kiingilio cha bandani hakikufika Tanga. Mwenye banda alinunua nakala moja, halali au ya wizi, akaionyesha hadi ikakwaruzika. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zilisaidia kuhesabu nakala, lakini zilimlinda mwenye nakala mama, na mwenye nakala mama alikuwa mzalishaji au msambazaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kama jina lake linavyodokeza, hutenganisha haki ya mtunzi na haki ya mtendaji. Utengano huo ni wa maana pale ambapo mmoja aliandika na mwingine akaigiza. Kwa mfaraguzi haueleweki, kwa sababu sentensi ya Majuto hutungwa na kutendwa kwa pumzi moja. Katika mkataba, pumzi hiyo ilihesabiwa kama utendaji tu.

Mwaka 2018, Majuto alipokuwa mgonjwa, suala hili lilitoka vijiweni na kuwa la serikali. Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na hali ya Majuto ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu. Mjadala wa umma ulijikita katika ulipaji: nani alilipwa kiasi gani, na nani hakulipwa. Swali lililotangulia hayo halikuulizwa sana, nalo ni swali la kihakiki kabla ya kuwa la kisheria: alikuwa ametengeneza nini? Aliyesema kwamba Majuto “alikuwa anajifanya mzee tu” alikuwa amekwisha kulijibu, na jibu lake lilikuwa na bei ndani yake.

Uhakiki unaotaka kujibu vinginevyo utalazimika kuanza na kazi ya mikono, yaani unukuzi. Maneno ya filamu hizi hayajawekwa kwenye karatasi, na VCD zinaharibika haraka kuliko vitabu. Unukuzi huo utakuwa mgumu kuliko wa ngano. Vituo itabidi vipimwe kwa sekunde. Minong’ono ya pembeni itahitaji safu yake, na ikiwezekana filamu itazamwe tena mbele ya kundi la watu ili mwitiko uandikwe ubavuni mwa maneno, ingawa sasa makundi hayo yanapungua, kwani vijana hutazama vipande vya nusu dakika kwenye simu, kila mmoja kivyake, na kipande hukatwa palepale kituo kinapoanza. Kisha kitabaki kile kidogo kinachoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa matini, mbele ya neno “mtunzi”. Kava za filamu nyingi huweka hapo jina la mtu mwingine.